Serikali na watoa misaada waliotekwa nyara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo huulizwa kila habari za utekaji zinapovuma: na ndugu wa wafanyakazi wa misaada, na waandishi wa habari, na wanafunzi wa sheria, na raia wa kawaida anayetaka kuelewa. Majibu yana msimamo, nao ni kwamba serikali inapaswa kuzungumza na watekaji mapema na kwa utaratibu, hata pale inapokuwa imeazimia kutolipa hata senti moja.

Suala hili linatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki?

Limekwisha kutufika mlangoni. Tarehe 13 Oktoba 2011, wanawake wawili raia wa Hispania waliokuwa wakifanya kazi na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walitekwa katika kambi ya wakimbizi ya Ifo 2, Dadaab, nchini Kenya, na dereva wao Mkenya akapigwa risasi na kujeruhiwa. Siku tatu baadaye Jeshi la Ulinzi la Kenya lilivuka mpaka na kuingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi. Operesheni hiyo haikuwarudisha mateka wale. Waliachiliwa Julai 2013, baada ya miezi 21. Kambini nako huduma zilipunguzwa zikabaki zile za kuokoa maisha tu, na magari ya misaada yakawa hayatoki bila polisi wa kuyasindikiza.

Kabla ya hapo, Novemba 2008, watawa wawili wa Kiitaliano walichukuliwa kutoka El Wak na kuachiliwa Februari 2009. Novemba 2018 msichana wa Kiitaliano aliyekuwa akijitolea na watoto alitekwa Chakama, katika Kaunti ya Kilifi, umbali mrefu kutoka uwanja wowote wa vita, akauzwa kwa wengine hadi akafika mikononi mwa Al-Shabaab. Aprili 2019 madaktari wawili wa Kuba walichukuliwa Mandera asubuhi wakienda kazini, na askari aliyekuwa akiwalinda akauawa. Upande wa Kongo, wafanyakazi wanne wa MSF, wote Wakongo, walitekwa Kamango katika Kivu ya Kaskazini mnamo Julai 2013.

Kuzungumza na watekaji si sawa na kuwalipa?

Si sawa, na kuchanganya mambo hayo mawili kumegharimu maisha ya watu. Katika mazungumzo serikali inaweza kuuliza kama mateka yu hai, kama amepata dawa zake, nani hasa anayemshikilia, na kama aliyepiga simu ni mtekaji au tapeli aliyesikia habari redioni. Kulipa, kubadilishana wafungwa au kutoa ahadi ya kisiasa ni uamuzi mwingine kabisa unaoweza kufanywa au kukataliwa baadaye.

Marekani ilichelewa kuitofautisha mikondo hiyo miwili. Kwa miaka mingi kauli ya kwamba haitoi chochote kwa watekaji ilichukuliwa na maofisa wake kuwa na maana ya kutosema nao chochote, na familia kadhaa zilieleza hadharani kwamba zilitishwa kuwa zingeshitakiwa iwapo zingetafuta fedha za kuwakomboa watoto wao. Baada ya raia wake kadhaa kuuawa Syria, akiwemo mtoa misaada Kayla Mueller aliyetekwa Aleppo mwaka 2013, Rais Barack Obama alitangaza sera mpya mnamo Juni 2015. Sera hiyo ilisema waziwazi kwamba kukataa kutimiza masharti ya watekaji hakuizuii serikali kuwasiliana na watekaji wala kuisaidia familia inayowasiliana nao, na ikaunda kikosi kimoja cha kuratibu kazi hiyo pamoja na mjumbe maalumu wa rais. Kwamba ilibidi jambo la wazi namna hiyo liandikwe katika agizo la rais, ni dalili ya jinsi mambo yalivyokuwa yameharibika.

Sheria ya kimataifa inasema nini?

Kumshika mtu mateka kumekatazwa na Kifungu cha 3 cha pamoja cha Mikataba ya Geneva ya 1949, na kuna mkataba mahususi wa kupinga utekaji wa mateka wa mwaka 1979. Kuhusu malipo, Azimio namba 2133 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa Januari 2014, linazitaka nchi wanachama zizuie magaidi wasinufaike na vikombozi, yaani malipo ya kuwakomboa mateka, wala na makubaliano ya kisiasa yanayotokana na utekaji. Miezi saba kabla yake viongozi wa G8, kundi la mataifa manane yenye uchumi mkubwa, waliokutana Lough Erne nchini Ireland ya Kaskazini, walitoa tamko la namna hiyohiyo. Hakuna mahali popote katika maandishi hayo ambapo serikali inakatazwa kuzungumza.

Je, nchi zinazosema hazilipi huwa kweli hazilipi?

Marekani na Uingereza kwa kawaida zimeshikilia neno lao. Nchi kadhaa za bara la Ulaya zimekuwa zikikana hadharani huku fedha zikifika kwa njia ya mashirika, makampuni au nchi rafiki. Mwaka 2014 gazeti la New York Times lilikadiria kwamba Al-Qaeda na matawi yake yalikuwa yamepata angalau dola milioni 125 kutokana na vikombozi tangu 2008, sehemu kubwa ikitoka Ulaya.

Matokeo yake yalionekana Syria mwaka huohuo. Mateka wa mataifa mbalimbali walikuwa wamefungwa pamoja na kundi moja, Dola la Kiislamu (ISIS). Wafaransa, Wahispania na Mdenmaki walitoka mmoja baada ya mwingine, ilhali Wamarekani na Waingereza, wakiwemo watoa misaada David Haines na Alan Henning, wakauawa. Utafiti wa taasisi ya New America uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kati ya mateka walioshikwa na makundi ya kijihadi, asilimia 81 ya raia wa Umoja wa Ulaya waliachiliwa, lakini kwa Wamarekani ni asilimia 25 tu. Watafiti hao hawakupata ushahidi kwamba sera ya kutolipa iliwapunguzia Wamarekani hatari ya kutekwa. Hoja ya kwamba mtekaji husoma kwanza sera ya nchi ya mtu kabla ya kumkamata ina mashaka, kwa sababu mara nyingi anayekamata ni kijana wa bunduki anayeona gari jeupe lenye bendera ya shirika, na pasipoti hukaguliwa baadaye porini.

Basi kwa nini serikali zisilipe tu ili watu warudi?

Kwa sababu fedha hizo hununua silaha, na kila malipo hupandisha bei ya mateka anayefuata. Hoja hii haipaswi kupuuzwa na mtu yeyote anayetetea mazungumzo. Katika Sahel, vikombozi vya miaka ya 2000 viliyajenga makundi ambayo hapo awali yalikuwa na watu wachache na magari machache, na wanaoumia kwa risasi zilizonunuliwa ni wanavijiji wa Mali, Niger na Burkina Faso ambao hakuna serikali ya nje itakayowakomboa.

Malipo huwa pia si fedha peke yake. Oktoba 2020 Sophie Pétronin, Mfaransa aliyekuwa akiendesha shirika la kuwasaidia watoto huko Gao na aliyetekwa Desemba 2016, aliachiliwa pamoja na mwanasiasa Soumaïla Cissé na Waitaliano wawili, baada ya serikali ya Mali kuwatoa gerezani wafungwa wapatao 200. Watu wanne kwa mia mbili. Familia nne zilishangilia. Familia za askari waliouawa na baadhi ya hao mia mbili hazikuulizwa. (Bibi Pétronin mwenyewe alirudi Mali mwaka uliofuata, jambo lililowaudhi sana maofisa wa Paris.)

Linaloleta madhara makubwa zaidi ni malipo ya siri yanayofunikwa na kauli ya kwamba hatulipi. Mtekaji anajua ukweli, serikali inaujua, na anayedanganywa ni raia mlipa kodi. Kauli kama hiyo haimzuii mtekaji yeyote, maana amekwisha kuhesabu noti.

Mazungumzo yenyewe huendeshwaje?

Kwanza huteuliwa mtu mmoja wa kusema kwa niaba ya upande wa mateka, na wengine wote hunyamaza. Mtu huyo si waziri wala mkuu wa shirika, kwa sababu mtekaji akisikia anazungumza na mwenye uamuzi atadai jibu papo hapo. Anayezungumza lazima awe na sababu ya kusema, "Ngoja niwaulize wakubwa."

Pili hutafutwa uthibitisho kwamba mateka yu hai na kwamba anayepiga simu ndiye kweli anayemshikilia. Picha haitoshi, kwani inaweza kuwa ya mwezi uliopita. Familia huombwa itoe swali ambalo jibu lake halimo popote isipokuwa kichwani mwa mateka: jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza, au chakula alichokikataa katika harusi ya dada yake. Jibu likirudi sahihi, kuna mambo mawili yamejulikana kwa mpigo. Lisiporudi, simu hiyo huachwa, hata kama mpigaji anatukana na kutisha.

Kisha huja muda mrefu wa kungoja, na hapo ndipo familia nyingi huvunjika moyo. Katika utekaji wa kutaka fedha, dau la kwanza huwa kubwa mno, na upande wa pili hupanda kwa hatua zinazozidi kuwa ndogo ili mtekaji aone kwamba mfuko unakauka. Anayeharakisha hupandisha dau mwenyewe, na anayetuma kiasi kikubwa mara moja huenda akaambiwa kwamba hiyo ilikuwa ya chakula tu. Kwa makundi yenye malengo ya kisiasa hali ni nyingine: yanaweza kutaka picha, wafungwa wao au kutambuliwa, na pengine yasitake makubaliano yoyote. Ndiyo maana kumjua mtekaji ni nani ni kazi ya wiki za mwanzo, na ni kazi isiyowezekana bila kuzungumza.

Wapatanishi wana nafasi gani?

Kubwa kuliko inavyosimuliwa. Mara nyingi serikali haizungumzi moja kwa moja bali hupitia mlango wa mwingine. Oman ina sifa ya pekee katika vita vya Yemen, kwa kuwa ilidumisha uhusiano na pande zote: mfanyakazi wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu aliyetekwa Sana'a Desemba 2015 aliachiliwa Oktoba 2016 kwa msaada wa Muscat, na padri wa Kihindi aliyechukuliwa Aden Machi 2016 akatoka Septemba 2017 kwa njia hiyohiyo. Katika suala la Chakama, idara ya ujasusi ya Uturuki, nchi yenye kambi ya kijeshi Mogadishu, ilisaidia hadi binti yule akafika Roma Mei 2020.

Mpakani mwa Kenya na Somalia wapatanishi ni wazee wa koo. Serikali ya Kenya husema haizungumzi na magaidi, lakini wazee wa Mandera walivuka mpaka mwaka 2019 kuwatafuta madaktari wa Kuba, na machifu watano waliotekwa huko Mandera Februari 2025 walirudi Aprili baada ya wazee wa pande zote mbili kuingilia kati. Huo ni utaratibu mzuri unaofanywa kana kwamba ni wa aibu. Mzee anayetumwa bila barua, bila bima na bila uhakika kwamba hatakamatwa akirudi kama mshirika wa Al-Shabaab, anabeba mzigo ambao ni wa serikali.

Kwa nini jeshi lisiende kuwaokoa?

Wakati mwingine huenda, na hufaulu. Januari 2012 makomandoo wa Marekani waliwaokoa Mmarekani na Mdenmaki, wafanyakazi wa shirika la kutegua mabomu ya ardhini, waliokuwa wametekwa Galkayo, nchini Somalia, miezi mitatu kabla; watekaji tisa waliuawa na mateka wakatoka salama. Julai 2012 jeshi la Kenya na wanamgambo wa Kisomali waliwarudisha wafanyakazi wanne wa Baraza la Wakimbizi la Norwei, siku chache baada ya kutekwa Dadaab.

Lakini Linda Norgrove, Mskoti aliyekuwa kwenye mradi wa misaada nchini Afghanistan, aliuawa Oktoba 2010 na guruneti la askari waliokuja kumwokoa. Na kuna suala la mwalimu Mwafrika Kusini, Pierre Korkie, ambalo kila ofisa wa usalama angepaswa kulisoma. Alitekwa Yemen Mei 2013 pamoja na mkewe, Yolande. Shirika la misaada la Afrika Kusini, Gift of the Givers, lilizungumza na Al-Qaeda kupitia wazee wa makabila. Mkewe akaachiliwa Januari 2014, na hatimaye ikakubaliwa kwamba Korkie naye angetoka. Desemba 6, 2014, siku moja kabla ya siku aliyotarajiwa kuachiliwa, makomandoo wa Marekani walivamia mahali hapo wakimtafuta mwandishi wa picha wa Kimarekani, Luke Somers. Watekaji wakawapiga risasi wote wawili. Wamarekani walisema hawakujua kwamba Korkie alikuwa hapo wala kwamba mpango wa kumwachilia ulikuwa umeiva. Serikali yenye ofisi moja inayozungumza, na inayojulikana na wenzake kwamba inazungumza, ina nafasi ya kupiga simu na kusema: ngojeni kesho.

Wafanyakazi wenyeji hupata mazungumzo gani?

Aghalabu, hakuna. Umoja wa Mataifa ulihesabu watoa misaada 383 waliouawa na 125 waliotekwa mwaka 2024, na walio wengi walikuwa raia wa nchi walimokuwa wakifanya kazi. Mateka anayezungumzwa duniani ni mgeni. Dereva, mkunga, mlinzi wa ghala na mkalimani hubaki kuwa takwimu.

Tazameni Nigeria mwaka 2018. Februari 19 wasichana wa shule 110 walitekwa Dapchi, na serikali ikazungumza na watekaji kwa siri. Kufikia Machi 21 zaidi ya mia moja walikuwa wamerudishwa hadi mjini kwao. Machi 1, katikati ya siku hizohizo, kundi lilelile liliwachukua wahudumu watatu wa afya kutoka Rann, katika jimbo la Borno: wakunga wawili waliokuwa wakisaidiana na Msalaba Mwekundu na muuguzi wa kituo kilichofadhiliwa na UNICEF, wote Wanigeria. Mkunga wa kwanza aliuawa Septemba. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliwaomba hadharani watekaji na serikali wamnusuru wa pili, lakini naye akauawa Oktoba. Njia ya kuwafikia watekaji ilikuwepo, maana ilikuwa imetumika Machi.

Huko Kamango, watatu kati ya wale wanne walipata uhuru Agosti 2014, baada ya miezi 13. Wa nne hakuwa pamoja nao. Ni wangapi kati ya wasomaji wa ukurasa huu waliowahi kusikia habari zao, ingawa walitekwa katika eneo ambalo Kiswahili ndicho lugha ya soko?

Nani abebe gharama na lawama?

Kwanza mwajiri, lakini si peke yake. Serikali ya Uholanzi ililipa ili Arjan Erkel wa MSF, aliyetekwa Dagestan, nchini Urusi, Agosti 2002, aachiliwe Aprili 2004, kisha ikalishitaki shirika hilo katika mahakama za Uswisi ikitaka kurudishiwa fedha. Picha ya serikali na shirika la tiba wakigombea bei ya mtu mahakamani haikumfaidi yeyote isipokuwa mawakili.

Kesi yenye mafunzo zaidi ni ya mmoja wa wale wanne wa Dadaab. Novemba 2015 mahakama ya Oslo iliamua kwamba Baraza la Wakimbizi la Norwei lilifanya uzembe mkubwa katika ziara waliyotekwa wakiifanya, hasa kwa kutotumia ulinzi wa polisi wenye silaha, na ikaliamuru limlipe fidia ya zaidi ya kroner milioni 4. Katika tukio lilelile dereva Mkenya aliuawa.

Kwa upande wa bima, Uingereza iliweka sheria mwaka 2015 inayokataza kampuni za bima kurejesha fedha zilizolipwa kwa magaidi. Italia ilikwenda mbali zaidi mwaka 1991, ikaruhusu mali za familia ya mateka kuzuiwa ili isiweze kulipa.

Si walijipeleka wenyewe mahali pa hatari?

Walikwenda kwa sababu kuna watu walikuwa tayari wako huko wakiugua na kufa njaa, na mara nyingi kwa mwaliko wa serikali ya nchi husika. Madaktari wa Kuba walikuwa Mandera kwa mkataba wa serikali ya Kenya. Al-Shabaab walitangaza Februari 2024 kwamba wote wawili walikufa katika shambulio la ndege isiyo na rubani ya Marekani huko Jilib, karibu miaka mitano baada ya kutekwa. Yaani nchi moja iliwaajiri, nyingine iliwatuma, na ya tatu ililipua eneo walimodaiwa kufungwa. Kuuliza nani aliyejipeleka ni kukimbia swali.

Familia ifanye nini siku ya kwanza?

Imteue mtu mmoja wa kupokea simu, iandike kila neno na saa lilipotamkwa, isitume fedha yoyote kwa yeyote anayedai kuwa na habari, na isitangaze hali ya mali yake mitandaoni. Kunyamaza kwa vyombo vya habari husaidia mara nyingi katika utekaji wa fedha. Hata hivyo ukimya usigeuke kuwa kisingizio cha serikali kutofanya lolote, na familia ina haki ya kujua ni ofisa gani mwenye jina na nambari ya simu anayeshughulikia suala lake.

Serikali za eneo letu zifanye nini hasa?

Ziandike sera na kuitangaza, ikisema wazi kwamba fedha za umma hazitalipwa kwa watekaji na kwamba mazungumzo yataanza ndani ya saa za kwanza, kwa kila mtu aliyetekwa, raia au mgeni. Ziwe na ofisi moja ya kuratibu, yenye uwezo wa kuliambia jeshi la nchi yake na la nchi rafiki lisubiri. Ziwatambue wazee wapatanishi kisheria, ziwape barua, posho na kinga ya kutoshitakiwa kwa kukutana na watu ambao serikali yenyewe iliwatuma kukutana nao. Na mashirika yanayosajiliwa kufanya kazi Dadaab, Mandera, Ituri au Kivu yatakiwe kuonyesha, kabla ya kupewa kibali, mpango wa utekaji unaomtaja dereva na mkalimani kwa masharti yaleyale anayotajwa mkurugenzi: mzungumzaji yuleyule, mshahara unaoendelea kulipwa kwa familia muda wote wa utekaji, na matibabu baada ya kurudi.